Joto la Riyadh si joto la Jeddah

Mtaa wa Al-Nuzha uko Riyadh, na mwingine wenye jina hilo hilo uko Jeddah. Hata hivyo, mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki anayehama mmoja kwenda mwingine hukuta hali ya hewa tofauti kabisa.

Riyadh iko bara, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Julai joto hufikia nyuzi 43 na zaidi, hewa ikiwa kavu. Usiku wa Januari hushuka hadi karibu nyuzi 9.

Jeddah iko kando ya Bahari ya Shamu. Kiangazi chake hupungua nyuzi chache, lakini hewa imejaa unyevu, na usiku hauleti nafuu kubwa.

Tofauti hiyo yagusa uhai, kwani mwili hujipoza jasho linapokauka. Mjini Riyadh jasho hukauka upesi, na mtu huweza kuishiwa maji mwilini bila kutambua. Mjini Jeddah jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubakia mwilini.

Sheria ya Saudi Arabia hukataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri, kati ya Juni 15 na Septemba 15. Lakini unyevu wa Jeddah humfuata mfanyakazi hata kivulini.