Vifuko vya karata: Mwenye duka Igunga apime kabla ya kuagiza

IGUNGA: Mwenye duka la rejareja anayetaka kuingiza vifuko vya plastiki vya kukingia karata ana hatari moja inayozidi ile ya bei, nayo ni kununua kipimo kisichofaa. Mzigo wa namna hiyo hauuziki, na kuurudisha Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 700, kunakula faida yote.

Karata hazilingani. Zile pana za kawaida ni milimita 63 kwa 88. Nyembamba zina upana wa milimita 57 tu. Karata za Magic, mchezo ulioanzia Marekani mwaka 1993, hufuata kipimo kile cha kwanza, lakini za Yu-Gi-Oh! kutoka Japani ni 59 kwa 86. Karata pana zinataka kifuko cha takriban 66 kwa 91. Kikibana, kona zinapinda. Kikipwaya, vumbi linaingia, na vumbi la kiangazi la Igunga halihitaji mwaliko.

Hesabu nyingine ni ya idadi. Vifuko huuzwa kwa pakiti za 50 au 100, wakati shupaza, kopa, uru na pau ni karata 52, na pamoja na jokeri mbili ni 54. Mteja wa pakiti ya 50 atabaki na karata nne zisizo na kifuko, na atarudi dukani akiwa amekasirika. Afadhali muuzaji afungue pakiti kubwa na kuhesabu 54.

Unene nao una gharama yake. Kifuko cha maikroni 100 kila upande huongeza milimita 0.2 kwa karata. Kwa karata 54 ni karibu milimita 11, hivyo hazirudi tena katika boksi lake. Kuhusu malighafi, polipropilini ni salama zaidi kwa karata zitakazotunzwa miaka mingi. PVC laini hutoa kemikali zinazoharibu wino. Kwa wanaocheza kwa kushindana, mgongo wa rangi unafaa kuliko ule unaoonyesha, kwa sababu karata iliyochanika hutambulika kwa nyuma.

Hata hivyo, kwa wacheza lasti kadi wa vijiweni, biashara ya maana zaidi ni karata za plastiki tupu, zinazofutwa kwa kitambaa chenye maji. Vifuko huteleza zinapochanganywa, navyo huchanika. Soko lake ni la wenye karata za kukusanya, ambao katika mji wa pamba na dengu ni wachache. Pakiti chache za kujaribia zinatosha.

Kwa anayefikiria shehena kubwa, marufuku ya Juni 1, 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ni busara kuuliza NEMC kuhusu vifuko hivi kabla fedha hazijatoka.