Alps: Theluji Haina Uhakika, Hoteli Zageukia Maji Moto

Hoteli za Uswisi zilihesabu malazi milioni 42.8 ya usiku mmoja mmoja mwaka 2024, idadi kubwa kuliko miaka yote iliyotangulia. Lakini mwenye hoteli kule juu milimani ana hesabu yake nyingine. Fedha zake huja kwa misimu miwili: Desemba hadi Aprili, watu wanapofuata michezo ya theluji, na miezi michache ya kiangazi. Katikati hapo wengi hufunga milango, ilhali riba ya benki haifungi. Na theluji yenyewe, hasa kwenye miteremko ya chini, haitegemeki kama zamani.

Ndiyo maana hoteli zenye spa zimeongezeka katika safu ya milima ya Alps. Bwawa la maji moto halingoji theluji. Huko Austria na Tyrol Kusini, upande wa Italia, chumba cha mvuke kina mtaalamu wake. Humwaga maji yenye manukato juu ya mawe ya moto, kisha hupunga taulo kusambaza joto kwa wageni walioketi kwenye ngazi za mbao, mara nyingi uchi, wake kwa waume. Baada ya dakika chache jasho linatiririka, na kila mtu anakimbilia maji baridi. Kwa kawaida huduma hiyo imo ndani ya bei ya chumba. Kukandwa mwili na kutunzwa ngozi hulipiwa kando, na hapo ndipo bili inapokua.

Mfano unaotajwa sana ni kijiji cha Vals, mashariki mwa Uswisi, chenye chemchemi ya maji ya nyuzi joto 30 hivi. Mwekezaji aliyejenga hoteli hapo alifilisika, na mwaka 1983 wanakijiji wakazinunua wenyewe. Wakampa kazi msanifu Peter Zumthor, aliyejenga bafu kwa vibamba 60,000 vya mawe ya hapo hapo. Ndani mna dimbwi la nyuzi 42 na jingine la nyuzi 14. Bafu lilifunguliwa mwaka 1996, na miaka miwili baadaye likawekwa chini ya ulinzi kama urithi wa majengo. Watu walianza kufunga safari kuliona jengo lenyewe. Hata hivyo, mwaka 2012 wanakijiji walipiga kura kuiuza mali hiyo kwa mwekezaji binafsi, Remo Stoffel.

Kwingine mtaji umetoka mbali. Kituo cha hoteli cha Bürgenstock, juu ya ziwa Lucerne, ni mali ya Katara Hospitality ya Qatar, na kilifunguliwa upya mwaka 2017 baada ya ujenzi uliogharimu takriban faranga milioni 550. Andermatt ulikuwa mji wa kambi za jeshi. Jeshi lilipopunguzwa, ajira zikayeyuka. Mfanyabiashara wa Misri, Samih Sawiris, akaingia na mradi mkubwa, na hoteli ya The Chedi ikafunguliwa Desemba 2013. Siri ya mpango wake ni nyumba za kuuza. Sheria ya Uswisi huwabana raia wa kigeni wasinunue nyumba ovyo, ila mradi wa Andermatt ulipewa msamaha. Nyumba zikinunuliwa, fedha za ujenzi hurudi mapema bila kungoja mauzo ya vitanda.

Hata mwenye maji na mtaji huweza kukwamishwa na sarafu. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande kupita kiwango cha 1.20 kwa yuro moja. Siku hiyo hiyo likizo ya Uswisi ikawa ghali kwa Mjerumani na Mholanzi, huku hoteli za Austria na Italia, zinazotoza kwa yuro, zikiwa jirani tu. Serikali hupunguza makali kidogo: malazi hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 3.8, badala ya 8.1 ya kawaida.

Funzo zito zaidi liko Leukerbad, katika jimbo la Valais. Pale maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 51, mamilioni ya lita kila siku. Kwa utajiri huo halmashauri ya mji ilikopa na kujenga bila breki, hadi mwaka 1998 ikashindwa kulipa madeni ya zaidi ya faranga milioni 300, katika mji wenye wakazi wasiofika 2,000. Mwaka 2003 mahakama kuu ya shirikisho iliamua kwamba jimbo halina wajibu wa kuwafidia wadai. Waliokopesha wakidhani serikali ingewaokoa walikula hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Chemchemi ni neema ya mahali, lakini kulipasha joto jengo, kusafisha bwawa na kulipa mishahara ni gharama za kila siku, mgeni awepo asiwepo. Mwekezaji anayetamani biashara hii asipige hesabu zake kwa mapato ya Februari, vyumba vikiwa vimejaa. Azipige kwa Novemba. Mradi unaoweza kulipa mkopo mwezi huo ndio wa kuwekea fedha, usioweza, auache.