Pikipiki kuukuu: Usianze na kabureta

PIKIPIKI iliyokula chumvi nyingi haiharibiki ghafla. Huanza kukohoa asubuhi, ikabugia petroli kupita kiasi na kulemewa na mlima ambao zamani iliupanda bila taabu. Aghalabu mwenyewe hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta. Hilo ni kosa, kwa kuwa kabureta ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho.

Hewa, mwanya wa valvu na cheche ya plagi huathiri namna petroli inavyoungua. Ukirekebisha kabureta ilhali chujio la hewa limeziba, utakuwa umeuficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Tuchukue mfano wa Honda CG125 ya mwaka wa 1976, ambayo injini yake iliigwa na viwanda vingi vya Uchina. Pikipiki za aina hiyo zimebeba abiria na mizigo kote nchini Kenya.

Kwanza, fungua chujio la hewa. Likiwa la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likaushe, kisha ulipake mafuta ya injini kidogo na kulikamua. La karatasi likichakaa hubadilishwa.

Pili, pima mwanya wa valvu injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha injini hadi alama ya T ilingane na ile iliyo kando yake, valvu zote mbili zikiwa zimelegea. Iwapo moja ingali imekaza, zungusha mara moja zaidi. Katika CG125 mwanya huo ni milimita 0.08, takriban unene wa unywele. Hupimwa kwa kibamba chembamba cha chuma, nacho kinapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo.

Hapa ndipo wengi huponzwa na masikio yao. Wakisikia valvu zikigonga, huzikaza hadi injini inyamaze. Valvu iliyokazwa mno haifungi sawasawa. Moto hupenya kandokando yake na kuiunguza, na tiba yake ni kufungua kichwa cha injini. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tatu, chomoa plagi uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha kwamba petroli ni nyingi au hewa ni haba, nayo rangi nyeupe huashiria petroli haba na joto kali. Mwanya wake uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7.

Sasa ni zamu ya kabureta. Endesha kwa dakika 10 hivi ili injini ipate moto, kisha uizime. Kaza skrubu ya mchanganyiko polepole hadi ifike mwisho bila kuilazimisha, ukihesabu mizunguko. Iandike idadi hiyo, kisha uirudishe skrubu ilipokuwa. Washa injini mahali penye hewa, izungushe skrubu robo kwa robo hadi mwendo wa injini upande kabisa, halafu uupunguze kwa skrubu ya mwendo wa chini hadi ingurume taratibu bila kuzimika.

Pikipiki nyingine zina vipimo vyao, hivyo soma kijitabu cha yako kwanza. Hata hivyo, ukiona moshi wa samawati daima, weka bisibisi chini. Huenda ringi za pistoni zimelika, na hapo atafutwe fundi.