Asili ni Ipi Katika Vazi la Taekwondo?



Siku chache zilizopita nilikuwa sokoni Ngamiani, hapa Tanga, mama mmoja akanisimamisha. "Kaka, wewe si ndiye unayezungumza redioni? Basi nisaidie jambo hili." Akanieleza kuwa ana binti wa miaka 13. Mwaka jana binti huyo alikuwa akijifunza karate, na mama akajinyima mpaka akamnunulia vazi jeupe na mkanda wake. Sasa binti amehamia kwenye taekwondo, na mwalimu mpya kamwambia lile vazi silo, alete jingine lisilofunguka mbele. Juu ya hayo, mwanafunzi mwenzake kamwambia avue mtandio, kwa kuwa mtandio si asili ya mchezo. Mama akaniuliza: "Hiyo asili yenyewe ni ipi, kaka, inayonitoa fedha kila mwaka na kutaka kumvua mwanangu mtandio?"

Nilimwahidi kuwa jibu lake nitalitoa hapa, kwa sababu swali hilo si lake peke yake. Sisi watu wa pwani tunapenda kusema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini kabla ya kumshika mtu kwa kosa la kuacha asili, yafaa tuijue hiyo asili ilianzia wapi.

Vazi jeupe la michezo hii ya kupigana halikuanzia Korea. Lilianzia Japani, kwa mwalimu Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882. Yeye alihitaji nguo nzito ya pamba inayovumilia kukamatwa na kuvutwa bila kupasuka. Mwanzoni mikono ya koti na miguu ya suruali ilikuwa mifupi, wanafunzi wakichubuka viwiko na magoti. Baadaye nguo ikarefushwa. Mkanda mweusi nao ni wa Kano, kuonyesha nani amefuzu daraja za mwanzo. Huenda umesikia hadithi kuwa zamani mkanda haukufuliwa, basi mweupe ukawa mweusi kwa jasho la miaka mingi. Ni hadithi tamu, lakini si historia. Hizi rangi za njano, kijani na buluu zilienea kwa walimu wa judo huko Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, ili mwanafunzi aone maendeleo yake asikate tamaa.

Mwaka 1922 mwalimu Funakoshi Gichin alitoka kisiwa cha Okinawa kwenda Tokyo kuonyesha karate. Kwao Okinawa watu walifanya mazoezi na nguo zao za kawaida. Kule Tokyo karate ikaazima koti na mkanda wa judo, ila kwa kitambaa chepesi zaidi. Na Korea je? Korea ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945, na vijana wengi wa Kikorea waliosoma Japani walirudi na karate pamoja na vazi lake. Jina taekwondo, yaani njia ya mguu na ngumi, lilipendekezwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1955. Kwa hiyo walimu wa kwanza wa taekwondo walivaa koti lile lile linalofunguka mbele, kama hilo la binti wa Ngamiani!

Mabadiliko yakaja baadaye. Choi aliunda chama cha kimataifa mwaka 1966, kisha akahamia Kanada mwaka 1972. Mwaka uliofuata, 1973, chama kingine cha dunia kikaundwa mjini Seoul. Chama hicho cha Seoul ndicho kilichoingia Olimpiki, na mwaka 2017 kilifupisha jina lake kuwa World Taekwondo. Ni chama hicho ambacho mwishoni mwa miaka ya 1970 kilileta koti la kuingizia kichwani, lenye shingo yenye umbo la herufi V. Faida yake ni kuwa halifunguki mtu anaporusha teke. Lakini ipo sababu nyingine: Wakorea walitaka vazi lisilofanana na la Kijapani, na wakasema shingo ile inakaribia mavazi yao ya jadi. Upande wa Choi wakabaki na koti linalofunguka mbele, lenye jina la mchezo mgongoni. Ndiyo maana ukikutana na wacheza taekwondo wawili waliovaa tofauti, usiseme mmoja amekosea. Ni wa nyumba mbili.

Basi mama, hapo tumepata jibu la kwanza. Mwalimu wa bintiyo ana haki ya kutaka vazi la chama chake, hasa siku ya mashindano. Lakini akisema lile la kwanza si asili, tutamjibu kwa heshima kuwa la kwanza ndilo la zamani zaidi.

Ndugu msikilizaji, vazi halikuishia hapo. Mchezaji wa Olimpiki leo huvaa kofia ya kinga na kinga ya kifua, mmoja ya buluu na mwingine nyekundu. Zamani waamuzi walikaa pembeni wakibonyeza vitufe kwa macho yao, na macho ya binadamu hukosea. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Sarah Stevenson wa Uingereza alimpiga Chen Zhong wa China teke la kichwa lisilohesabiwa, na matokeo yakageuzwa baada ya malalamiko. Mwaka 2012 kule London zikatumika kinga za kifua zenye umeme, zinazohisi pigo na kupeleka pointi kwenye kompyuta. Mwaka 2016 kule Rio de Janeiro ikaja kofia ya namna hiyo hiyo.

Je, wazee wa mchezo walifurahi? Si wote. Wengi walilalamika kuwa vijana sasa wanainua mguu wa mbele na kuuning'iniza hewani wakitafuta kugusa kinga tu, kama watu wanaopimana kwa fimbo, na yale mateke ya kuzunguka yaliyowapendeza watazamaji yakapungua. Malalamiko hayo yalikuwa na haki, na chama kikayasikia: kikaongeza pointi za mateke ya kuzunguka. Hapo tunajifunza kuwa kifaa kipya hakiharibu mchezo peke yake, na hakiutengenezi peke yake. Wenye mchezo wanapaswa kukaa na kusahihisha.

Judo nayo ilipita njia hiyo. Mholanzi Anton Geesink, bingwa wa Olimpiki ya 1964, alipendekeza mmoja wa wachezaji avae buluu ili waamuzi na watazamaji wa televisheni wawatofautishe. Wajapani walipinga sana, maana kwao weupe ni alama ya usafi wa nia. Hata hivyo chama cha dunia kiliikubali buluu mwaka 1997. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu, aliyecheza judo kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ameikuta buluu hiyo ikiwa jambo la kawaida kabisa. Wala Japani haikuacha kuzoa medali.

Sasa tuje kwenye mtandio. Kwenye Olimpiki ile ya Rio, katika uzito wa kilo 57 wanawake, medali mbili za shaba zilikwenda kwa Kimia Alizadeh wa Iran na Hedaya Malak wa Misri. Wote wawili walicheza wamefunika nywele chini ya kofia ya kinga. Alizadeh akawa mwanamke wa kwanza wa Iran kupata medali ya Olimpiki. Anayemwambia binti wa Ngamiani kuwa mtandio hauruhusiwi, basi habari hizo hazijamfikia. Linalotakiwa ni usalama: kitambaa kibane vizuri, kisiwe na pini wala ncha inayoning'inia.

Na tusidhani kuwa mambo haya ni ya mbali. Jirani yetu Faith Ogallo wa Kenya alifuzu kule Rabat mwaka 2020, akaiwakilisha nchi yake kwenye taekwondo Tokyo mwaka 2021. Na kule Rio, Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire alitwaa dhahabu kwa teke la sekunde ya mwisho. Mwafrika anaweza, akipewa nafasi ya kuingia ukumbini.

Tena sisi watu wa Tanga ndio wa mwisho kushangaa habari za sare. Babu zetu, kabla na baada ya vita vya 1914, walicheza ngoma ya beni, na vyama vya Marini na Arinoti vikishindana humu mjini. Walivaa sare za kijeshi, wakajipa vyeo vya Kizungu, wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma. Sare ile ilikuwa ya kuazima kwa mtawala, lakini mashindano, umoja na kusaidiana vilikuwa vyao wenyewe. Hata kanzu, iliyotoka pwani na wafanyabiashara, leo ni vazi la heshima la Waganda, na hakuna anayewaambia wairudishe. Na mashabiki wa Coastal Union wanaoukumbuka ubingwa wa 1988 wanajua kuwa jezi ya mwaka ule si ya mwaka huu, lakini pale Mkwakwani timu ni ile ile.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mila nayo imeundwa, na walioiunda walikuwa na sababu. Sababu ikiwa ni usalama, haki ya waamuzi au wepesi wa mwili, tuikubali. Ikiwa ni fahari tu, au biashara ya mtu, tuipime kwanza.

Ushauri wangu kwa wazazi ni huu. Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu anafuata chama kipi. Kwa miezi ya mwanzo mwombe mtoto afanye mazoezi na fulana na suruali ya michezo. Vazi kamili lingoje mpaka uone kuwa mtoto ameupenda mchezo. Ukitaka kupunguza gharama, mwonyeshe fundi cherehani vazi la mfano akushonee la mazoezini, maana ni kitambaa cha pamba tu na mishono michache. La mashindano ndilo lifuate kanuni.

Na kwa walimu wetu, nawaomba jambo moja. Mtoto anapoingia ukumbini huinama kuwasalimu. Kuinama huko, kumheshimu mpinzani, kuja kwa wakati, kutotumia teke mitaani: hayo hayakubadilika tangu koti la mbele mpaka kofia ya umeme. Hiyo ndiyo asili ya kulindwa. Mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya shingo ya koti amelinda nguo, akampoteza mwanafunzi.

Mama wa Ngamiani, mrudishe binti mazoezini, na mtandio wake. Lile vazi la karate nalo usilitupe. Lifae kwa mazoezi, au mpe mtoto wa jirani anayeanza.

Tukijaaliwa, tutakutana tena juma lijalo. Kwaherini.