Saa Iliyogonga Mara 13

Mwaka 1958 kilitolewa huko Uingereza kitabu cha watoto kiitwacho Tom's Midnight Garden. Mtungaji wake, Philippa Pearce, alikuwa binti wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, na bustani anayoieleza ni mfano wa ile aliyocheza utotoni, karibu na mji wa Cambridge.

Hadithi yenyewe ni hii. Nduguye Tom aliugua surua. Naye Tom, asije akaambukizwa, akapelekwa kukaa kwa jamaa zake wasio na watoto. Nyumba yao haikuwa na bustani, ila ua mdogo wa mapipa ya taka. Ukumbini palikuwa na saa kubwa, mali ya Bibi Bartholomew, kikongwe mwenye nyumba, aliyekaa orofa ya juu. Kwa hesabu ya Kizungu saa hugonga mara 12 katikati ya usiku. Lakini usiku mmoja ile iligonga mara 13. Tom akashuka, akafungua mlango wa nyuma, na kumbe! mbele yake pana bustani kubwa yenye miti na maua.

Humo alimkuta Hatty, msichana yatima aliyeishi zamani za Malkia Victoria, wakawa marafiki. Lakini muda wa bustanini haukwenda sawa na wa Tom. Kwake yeye ulipita muda mfupi tu, na kwa Hatty ikapita miaka. Hatty akakua hata akawa mwanamwali, na Tom akabaki mtoto, akififia machoni pake kama ukungu. Usiku wa mwisho bustani haikuonekana tena. Tom akalia kwa uchungu, akiita jina la Hatty.

Asubuhi Bibi Bartholomew akamwita, naye akamwambia kuwa yeye ndiye Hatty. Majira yale alikuwa akiota kila usiku habari za utoto wake, na Tom, aliyetamani mwenziwe wa kucheza, akaingia katika ndoto hizo. Usiku ule wa mwisho aliota harusi yake. Kwa hiyo bustani ilitoweka.

Walipoagana Tom alirudi mbio ngazini, akamkumbatia kikongwe yule kama msichana mdogo.

Basi fundisho la kitabu ni hili: utoto wa mzee haukupotea, umo ndani yake. Mtoto apitaye mbele ya kizee bila kumwamkia huenda anampita rafiki.