Mkuki wa Yego haukufunzwa na YouTube peke yake

Kwa jirani zetu wa Kenya, mtoto wa Nandi akionekana anakimbia alfajiri hakuna anayemwuliza aendako. Huko ndiko walikotoka Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge, na mbio huko ni kazi kama kazi nyingine. Lakini mtoto huyo akisema anataka kurusha mkuki, hata wa nyumbani humshangaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Julius Yego, aliyezaliwa huko Januari 4, 1989.

Wafanyabiashara wetu wanaopita Eldoret kuelekea mpaka wa Malaba huiacha milima ya Nandi upande wa kushoto. Katika milima hiyo Yego alikua akichunga ng'ombe na kushindana na kaka yake kurusha fimbo. Kocha wa mkuki hakuwapo. Basi akawa anaingia kwenye vibanda vya intaneti, anafungua YouTube na kuwatazama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha anatoka kwenda kuwaiga uwanjani.

Hadithi hii inapendwa sana. Wale miongoni mwetu walioishi Kenya miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani wanaijua kwa moyo, na kila anayenisimulia humalizia kwa kusema kwamba bingwa huyu hakufundishwa na mtu. Hapo ndipo mimi ninapoachana nao.

Tuangalie namba. Septemba 2011, katika Michezo ya Afrika mjini Maputo, Yego alitwaa dhahabu kwa mita 78.34. Hapo ndipo video, bidii na kipaji vilipomfikisha, na si haba. Ushindi huo ulimpatia ufadhili wa shirikisho la riadha duniani kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. Finland ni nchi ambayo mkuki una heshima kama ya mbio kule Nandi. Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya London, akarusha mita 81.81 katika raundi ya mchujo na kuingia fainali, ambako alimaliza wa 12. Moscow 2013 akafika 85.40, akawa wa nne, baada ya Mrusi Dmitri Tarabin kumpokonya shaba katika mrusho wa mwisho. Glasgow 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola.

Video humwonyesha mwanafunzi mkono wa bingwa, lakini haiuoni mkono wa mwanafunzi. Kiwiko kikishuka kidogo, au mguu wa mbele ukilegea wakati wa kuachia, yuko nani wa kumwambia?

Kisha ikaja Beijing, Agosti 26, 2015. Nimeutazama mrusho ule mara nyingi na bado unanishangaza: anakimbia, anauachia mkuki kwa nguvu zote hadi anaanguka kifudifudi, halafu anainuka kuufuata kwa macho. Mita 92.72. Kwa miaka 14 hakuna mtu duniani aliyekuwa amerusha mbali hivyo. Ihab Abdelrahman wa Misri alimfuata kwa 88.99, na Wazungu waliozoea kuugawana mchezo huu wakaachiwa shaba. Hakuna Mkenya aliyewahi kabla ya hapo kuwa bingwa wa dunia katika kuruka wala kurusha. Kenya iliongoza msimamo wa medali mwaka ule kwa dhahabu saba, mara yake ya kwanza.

Wazee wa ukanda huu watanikumbusha Zakayo Malekwa wa Tanzania, aliyeubeba mkuki wa Afrika Mashariki katika Olimpiki za 1980, 1984 na 1988. Ni kweli, na jina lake linatajwa mara chache mno.

Mwaka mmoja baada ya Beijing, bingwa huyo wa dunia alifika uwanja wa ndege jijini Nairobi kwa safari ya Olimpiki ya Rio akaambiwa hana tiketi. Ilibidi Wakenya wapige kelele ndipo akapanda ndege. Alirusha 88.24 katika jaribio la kwanza na kuongoza hadi raundi ya tano, Thomas Röhler wa Ujerumani alipompita kwa 90.30. Yego alikuwa ameshaumia kifundo cha mguu na hakuweza kujibu. Akarudi na fedha, medali ya kwanza ya Kenya katika mkuki wa Olimpiki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya majeraha. Tokyo 2021 hakuvuka mchujo. Wengi walimwona amekwisha, lakini mwaka 2022 alipata shaba ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Wakati huo wote, mkuki wa mashindano wa wanaume, wenye gramu 800, umeendelea kuwa kitu ambacho watoto wengi wa shule za kwetu na za Kenya hukiona kwenye televisheni tu. Wao wanarusha fimbo, kama yeye alivyorusha, na hakuna Finland inayowangoja.

Paris, Agosti 2024, Yego akiwa na miaka 35 alirusha mita 87.72 na kumaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Arshad Nadeem wa Pakistan kwa mita 92.97, ambazo ni sentimita 25 tu mbele ya ule mrusho wa Beijing.