Mbwa asiye na manyoya: piga hesabu kabla ya kutoa mtaji

ARUSHA

Mfanyabiashara anayetaka kufuga mbwa wadogo wasio na manyoya kwa ajili ya kuuza huanza na wazo moja linaloonekana la akili: anunue dume kipara na jike kipara, awapandishe, apate watoto vipara watupu. Wazo hilo ni la hasara. Sababu yake imo ndani ya damu ya mnyama mwenyewe, na wanasayansi waliiweka wazi mwaka 2008.

Mbwa anayezungumzwa hapa ni yule ambaye jina lake la kimataifa ni Chinese Crested, yaani mbwa wa Kichina mwenye shungi. Kimo chake hadi begani ni kama sentimita 28 hadi 33, na uzito wake ni kilo 5 hivi, sawa na mfuko mdogo wa unga. Mwili hauna kitu isipokuwa nywele za kichwani, za mkiani na za miguuni, ambazo humfanya aonekane kama aliyevaa soksi. Chama cha Wafuga Mbwa cha Marekani kilimwandikisha rasmi mwaka 1991. Walimwengu wengi walimfahamu kupitia kwa Sam, mbwa wa aina hiyo aliyeshinda mashindano ya mbwa mwenye sura mbaya kuliko wote huko Petaluma, California, mara tatu mfululizo kuanzia 2003 hadi 2005. Wengine wa kabila lake wana sura ya kupendeza, na ndio hao wanaoleta biashara.

Sasa hesabu. Ukipara wa mbwa huyu unatokana na kasoro katika jeni moja iitwayo FOXI3, na kasoro hiyo ni ile ile waliyo nayo mbwa vipara wa Mexico na wa Peru. Kila mbwa hubeba nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja yenye kasoro inatosha kumnyima manyoya. Lakini mimba ikirithi kasoro pande zote mbili haiishi. Hupotea tumboni mapema. Kwa hiyo kila kipara anayetembea ana nakala moja nzima na moja mbovu, na hakuna kipara anayeweza kutoa watoto vipara peke yao.

Chukua mimba nane kama mfano. Dume kipara akipanda jike kipara, kwa wastani mimba mbili hufa, nne huwa vipara, na mbili huzaliwa na manyoya mwili mzima. Wanaofika duniani ni sita. Kipara akipandishwa na ndugu yake mwenye manyoya, nne huwa vipara na nne huwa na manyoya, na hakuna inayokufa kwa sababu ya jeni hiyo. Wanaofika duniani ni wanane. Vipara ni wanne kule na wanne huku. Aliyelipa bei ya vipara wawili hakuongeza hata mtoto kipara mmoja; amepoteza tu wawili wenye manyoya ambao nao wangeuzwa.

Hapo ndipo mwenye mtaji mdogo anapopaswa kutulia. Mbwa mwenye manyoya wa ukoo huu, ambaye wanunuzi wengi humpita bila kumtazama, ndiye nusu ya mtaji mzuri. Ieleweke tu kwamba wenye manyoya wawili wakipandishwa hawatoi kipara hata mmoja. Aidha, hesabu hizi ni za wastani. Uzao mmoja unaweza kuegemea upande wowote, na uzao wenyewe si mkubwa. Mbwa wa kimo hiki huzaa watoto wawili, watatu au wanne baada ya mimba ya siku 63 hivi, na baadhi ya majike hushindwa kuzaa wenyewe wakahitaji kupasuliwa. Mfugaji asiye na daktari wa mifugo aliye tayari kuja usiku asipandishe.

Soko lenyewe lipo, lakini ni jembamba. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na imejaa makampuni ya utalii. Kuna nyumba kule Njiro, Ilboru na Usa River ambazo mbwa huingia sebuleni. Hata hivyo kwa kaya nyingi za mjini mbwa ni mlinzi. Hula makombo, hulala nje, na thamani yake ni sauti yake usiku. Kwa Waislamu wengi mbwa hakai ndani ya nyumba kabisa, kwa hiyo mwenye ndoto ya kupeleka mzigo Tanga au Zanzibar aifikirie upya. Bei ya mbwa hawa haina soko la wazi la kuitangaza kama bei ya mahindi au maharage, na ndiyo sababu hesabu za ukurasa huu ni za vichwa, si za shilingi.

Njia ya karibu ya kutafuta mbwa wenye hati za ukoo ni Nairobi, ambako kuna chama cha East Africa Kennel Club kinachoandikisha mbwa na kuendesha maonyesho. Kutoka Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi, na tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kimepunguza foleni. Foleni ikipungua, karatasi hazipungui: mnyama anahitaji kibali cha kuingizwa kutoka wizara yenye dhamana ya mifugo, cheti cha afya cha nchi anakotoka, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayepitisha mbwa ndani ya kikapu ili kukwepa siku mbili za ofisini anahatarisha mzigo wote. Na si suala lake peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua karibu theluthi moja yao.

Baada ya kununua, gharama inayofuata ni ngozi, na hapa Arusha ina tabia yake. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wanaoishi juu zaidi kuelekea msitu wa Meru wanajua baridi ya Juni hadi Agosti inavyokuwa, pale wingu linaposhuka asubuhi na kukaa hadi mchana. Mbwa kipara hana koti. Akishikwa mkononi huonekana wa moto, na watu wamekuwa wakisema kwamba ana joto kupita mbwa wengine na hutibu maumivu ya viungo. Joto la mwili wake ni la mbwa yeyote, nyuzi 38 hadi 39. Kinachosikika mkononi ni ngozi isiyofunikwa. Joto hilo hilo ndilo linalomtoka haraka usiku.

Kwa hiyo anahitaji nguo. Mitumba ya watoto wachanga inafaa kabisa na ni rahisi: fulana ya pamba yenye mikono mifupi, ikatwe mbele kidogo ili asiikojolee. Sweta la sufu livaliwe kwa tahadhari, kwani baadhi ya mbwa hawa huwashwa na mafuta ya manyoya ya kondoo, na mafuta ya kupaka yenye lanolini nayo ni hivyo hivyo. Alale ndani, juu ya sakafu iliyotandikwa, mbali na mlango. Jiko la mkaa lisiachwe ndani ya chumba alimolala kwa kisingizio cha kumpasha joto. Moshi wake unaua mbwa na mwenye mbwa.

Jua nalo ni adui wa pili, na hili wageni wa Arusha hulisahau kwa sababu ya ubaridi wa hewa. Mji uko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa ikweta, na miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Wingu la Julai haliizuii yote. Mbwa mwenye ngozi ya waridi au yenye mabaka huungua haraka kuliko mweusi, na kuungua mara kwa mara huweza kuleta saratani ya ngozi. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri akae kivulini au avae fulana. Mafuta ya binadamu ya kukinga jua yasitumiwe hovyo: mengi yana zinki, na mbwa hujilamba. Ya kwake yaulizwe kwa daktari wa mifugo.

Kuoga ni mara moja kwa wiki au zaidi kidogo, kwa sabuni laini isiyo na manukato, maji ya uvuguvugu, kisha kukaushwa papo hapo. Ngozi hii hutoa chunusi na vidoa vyeusi kama vya kijana wa miaka 15, hasa ikipakwa mafuta mazito. Mafuta kidogo mepesi yanatosha. Anayepaka mafuta ya mgando kila siku ili mbwa ang'ae kwa mnunuzi anaziba vinyweleo, na mnunuzi atarudi baada ya wiki mbili na mbwa mwenye majipu.

Meno ni jambo ambalo wauzaji hulinyamazia. Jeni ile ile inayoondoa manyoya huharibu pia mpangilio wa meno. Mbwa kipara wa kawaida hukosa baadhi ya magego, na meno ya mbele huwa membamba, yaliyochongoka, wakati mwingine yakiangalia mbele. Mengine hutoka mapema. Si dalili ya uzee wala ya udanganyifu. Mnunuzi aambiwe mapema. Chakula kiwe laini: wali au ugali uliochanganywa na nyama ya kusaga, maini kidogo au dagaa walioloweshwa, bila vitunguu na bila chumvi nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hutoboa utumbo.

Kwenye miteremko ya Meru kuna jambo la ziada. Maji ya chemchemi na visima vingi vya upande huu yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na athari yake inaonekana kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Wanyama nao huathirika meno yakiwa yanakua, na mbwa huota meno ya ukubwani kati ya mwezi wa 4 na wa 7. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaizidisha, kwa kuwa maji hupungua na madini hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja. Kwa mfugaji mwenye mbwa watano wa kilo 5, maji ya mvua yaliyokingwa bati safi yanatosha mwaka mzima, na hayana gharama zaidi ya pipa.

Kupe huonekana haraka kwenye mwili usio na manyoya, na hiyo ni nafuu moja ya kweli ya mbwa huyu. Hatari iko kwenye dawa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyopimwa kwa kukisia kofia ya chupa haifai kumwagwa juu ya ngozi tupu ya mnyama wa kilo 5. Oili chafu ya gari, ambayo baadhi ya watu huwapaka mbwa wenye upele, ni sumu kwa mbwa yeyote, na kwa huyu ni maradufu.

Upele wenyewe ndio mlango wa ulaghai. Mbwa wa mtaani aliyepukutika manyoya kwa ugonjwa anaweza kuoshwa, kupakwa mafuta na kuuzwa kama kipara wa kigeni. Kipara halisi ana ngozi laini isiyo na magamba, hajikuni, na bado ana shungi kichwani na nywele mkiani na miguuni. Mgonjwa ana ngozi nene iliyokunjamana, vidonda masikioni na viwikoni, na harufu. Mnunuzi afungue kinywa. Meno 42 yaliyokamilika na kupangika vizuri kwenye mbwa anayedaiwa kuwa Mchina kipara ni sababu ya kuuliza maswali. Wapo vipara wa Marekani wenye meno kamili, uzao wa jike mmoja aliyezaliwa Louisiana mwaka 1972, lakini hao ni kabila lingine lenye jeni nyingine.

Jambo la mwisho linahusu mbwa wengine. Katika mitaa mingi ya Arusha mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku, na mbwa mkubwa humchukulia huyu kama panya. Uzio uwe wa wavu mdogo hadi chini, na mbwa mdogo asitolewe nje kukojoa baada ya majirani kufungua wao. Chanjo ya kichaa cha mbwa ichomwe akifikisha miezi mitatu na irudiwe kwa ratiba ya daktari, pamoja na za distempa na parvo, na kadi iandikwe tarehe. Anayetaka kuingiza watoto wa mbwa kwa mara ya kwanza awalete Septemba au Oktoba, baridi ikiwa imekwisha, ili wafikishe miezi tisa au kumi kabla ya Juni inayofuata.